Mikono Iliyotangulia

Pikipiki niliyoinunua Kyela ilikuwa na tabia mbili zisizopatana. Asubuhi ilikataa silensa: ukiachia mkono tu inazima, kwa hiyo nilikuwa naisindikiza kwa resi ndogondogo mpaka injini ipate moto, kama unavyomshika mkono mtoto anayejifunza kusimama dede. Ukifunga mafuta kwenye mteremko, inapasuapasua huko nyuma kwenye ekzosi. Hiyo ni tabia ya kwanza. Ya pili ilijitokeza barabara ikinyooka. Ukivuta mafuta mpaka mwisho inajaa, inakohoa, inafuka moshi mweusi, na harufu ya petroli inakufuata mpaka sebuleni. Lita moja haikunifikisha kilomita 25, wakati wenzangu wenye cc 125 kama hiyo wanapata 40 bila taabu.

Aliyeniuzia alisema, "Iko vizuri, kaka, inataka tyuni kidogo tu." Tangu siku ile nikisikia "tyuni kidogo" nashika mfuko wangu.

Mafundi wawili wa kwanza hapa Mbeya walikuwa na dawa moja. Walichuchumaa, wakachomoa bisibisi kabla sijamaliza kueleza, wakazungusha skrubu ya ubavuni mwa kabureta, kulia kidogo, kushoto kidogo, wakapiga resi za kutosha kuwashtua wauza nyanya, wakasema, "Tayari, bosi." Nilipofika Mafiati ilikuwa imezima tena.

Wa tatu nilielekezwa na dereva wa bodaboda. Banda lake liko uchochoroni nyuma ya soko la Mwanjelwa: bati chache, benchi lililokunywa oili mpaka likawa jeusi, na kopo la maziwa ya unga lililojaa vidude vya shaba ambavyo sikuvijua kazi yake. Mwenyewe ni mzee wa Kinyakyusa, umri wa baba yangu mdogo, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia, akaitikia, akanipisha kwenye gogo la kukalia. Pikipiki hakuiangalia hata kidogo.

"Inaanza lini kukusumbua, mwalimu?"

Nikaanza kumsimulia habari za moshi. Akainua kiganja.

"Moshi nitauona mwenyewe. Nauliza mkono wako unakuwa wapi."

Sikuelewa. Basi akachukua utepe mweupe wa mafundi umeme, akauzungusha kwenye mkono wa mafuta wa pikipiki yangu, akachora alama kwa kalamu: kufunga, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Akaniambia niende mpaka Uyole nirudi. "Usije ukaniambia inasumbua. Njoo uniambie inasumbua kwenye alama ipi."

Njiani nikaona nimekwenda shule. Nilikuwa nadhani kabureta ni kifaa kimoja ambacho kikiwa kizuri ni kizuri, kikiharibika kimeharibika. Kumbe ni wahudumu kadhaa wanaopokezana zamu. Mkono ukiwa umefungwa au umefunguliwa kidogo tu, mafuta yanapita kwenye jeti ndogo, na ile skrubu ya ubavuni inasimamia hapo peke yake. Ukifika robo, zamu inahamia kwenye sindano inayoning'inia katikati, nyembamba kuelekea ncha, ambayo kadiri inavyonyanyuka ndivyo inavyoacha nafasi ya mafuta kupita. Kuanzia robo tatu mpaka mwisho sindano imekwisha kutoa mchango wake, na mwenye neno ni jeti kubwa iliyoko chini. Zamu zinapandana kidogo mipakani, lakini kila mmoja ana eneo lake. Mafundi wangu wawili wa mwanzo walikuwa wanazungusha skrubu ya silensa ili kutibu ugonjwa wa mbio. Ni kama kumpa mtu dawa ya macho kwa sababu anachechemea.

Kinachoyapandisha hayo mafuta ni jambo la kustaajabisha kwa urahisi wake. Hewa inayokimbilia injini inapitishwa kwenye shingo nyembamba. Penye wembamba inakwenda mbio zaidi, na mgandamizo wake unashuka. Petroli iliyotulia kwenye kikombe cha chini, ikisukumwa na uzito wa anga la kawaida, inapanda na kutawanyika kwenye upepo ule kama ukungu. Hakuna pampu wala umeme. Shingo hiyo bado inabeba jina la Mwitaliano Giovanni Battista Venturi, aliyefariki mwaka 1822, ambaye alikuwa anachunguza mwendo wa maji kwenye mabomba na hakupata kuona injini ya petroli. Kufikia mwaka 1893 Wilhelm Maybach kule Ujerumani, na Donát Bánki na János Csonka kule Hungaria, walikuwa kila upande kwa njia yake wamepata kabureta ya kunyunyiza. Msingi ni uleule kwenye pikipiki inayopakia mikungu ya ndizi Tukuyu leo.

Vitabu vinasema gramu moja ya petroli inataka gramu 14.7 za hewa ili viungue vyote kisibaki kitu. Ukitaka nguvu zaidi unashusha hewa mpaka 13 au chini yake kidogo. Nilimtajia mzee namba hizo. Akaitika kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa umri wa jirani.

Niliporudi kutoka Uyole nikatoa ripoti yangu: kuanzia kufunga mpaka karibu na robo inakosa nguvu na inazima, nusu inaanza kuwa nzito, robo tatu kwenda mwisho inajaa. Alinyamaza. Akavua miwani akaifuta kwa shati ambalo lilikuwa chafu kuliko miwani yenyewe.

"Chini ina njaa," akasema, "juu imevimbiwa." Halafu, baada ya muda: "Hapa kuna mtu kapita."

Sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nirudi pale siku nne mfululizo, kwa kisingizio cha pikipiki. Injini mpya ikiharibika, inaharibika kwa njia zake. Pikipiki ya mkononi imeharibika kwa njia zake, kisha imetengenezwa na watu, na matengenezo yao nayo yamegeuka kuwa ugonjwa. Hewa na petroli zina kanuni zinazojulikana. Kazi ngumu ni kumsoma fundi asiyekuwepo: alikuta nini, alidhani nini, akafanya nini kwa kukurupuka siku ambayo mteja alikuwa amesimama nyuma yake anamharakisha.

Kwanza alitaka ushahidi wa plagi. Alinipa plagi mpya na spana yake, akaniagiza nipande mlima kutoka Igawilo kuelekea Isyonje mkono ukiwa mwisho kwa dakika kadhaa, halafu kwa ghafla nibane klachi, nizime swichi, niiache pikipiki isererekee pembeni. Nifungue plagi palepale barabarani, niifunge kwenye karatasi, niweke nyingine. Nilimuuliza kwa nini asiitazame tu nikifika. Akasema ukirudi nyumbani taratibu, plagi inavaa rangi ya taratibu. "Nataka picha ya mlimani. Ya mjini ninayo."

Aliipokea ile karatasi kama cheti cha maabara. Sehemu nyeupe ya kauri iliyozunguka ncha ndiyo inayosomwa. Ikiwa na rangi ya biskuti au chai yenye maziwa mengi, mchanganyiko uko sawa. Ikiwa nyeupe kama chaki, au ina vidoadoa vilivyoyeyuka, injini ina njaa ya mafuta na inaungua kwa joto. Nyeusi yenye masizi makavu, laini, kama chini ya sufuria ya kuni, mafuta yamezidi. Nyeusi ya kung'aa na yenye utelezi si kesi ya kabureta kabisa: hapo oili inapanda, kaulize ringi na valvu. Ya kwangu ilikuwa sufuria ya kuni. Alinionya pia kwamba zamani plagi zilisomeka vizuri zaidi, na hapo nilifurahi kumpa sababu: petroli ya miaka ile ilikuwa na risasi, na masalia ya risasi ndiyo yaliyopaka ile rangi ya hudhurungi. Nchi zetu ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006. Mzee alikuwa ameona badiliko kwa macho yake bila kusoma tangazo lolote.

Kisha akatumia nusu siku nzima kuhakikisha kwamba kabureta inashtakiwa kwa haki. Hapa wengi tungekosa uvumilivu. Alitazama moto wa plagi kivulini. Aliniambia niilaze pikipiki pale usiku, ili asubuhi injini ikiwa baridi kabisa apime nafasi ya valvu kwa fila geji. Injini yangu ni ya fito, ukoo wa Honda CG125 ya miaka ya 1970 ambao Wachina wameunakili mpaka ukawa mali ya umma, na nafasi yake ni milimita 0.08, unene wa karatasi ya daftari. Valvu iliyobana inaweza kukupa silensa mbovu, na ungefungua kabureta mpaka kiama usiione. Alikagua chujio la hewa. Alipuliza kitobo cha mfuniko wa tenki, maana kikiziba tenki linashindwa kupumua, mafuta yanakatika baada ya mwendo, na watu wanaanza kusingizia mapepo. Alimimina petroli yangu kwenye chupa ya glasi, akainusa, akaisugua kati ya vidole kuona kama inakauka au inaacha utelezi wa mafuta ya taa. Uchakachuaji umepungua tangu ushuru wa mafuta ya taa upandishwe mwaka 2011, lakini mkono uliozoea kunusa unaendelea kunusa.

Vyote vilikuwa safi, ndipo akaomba povu.

Dogo wake, kijana wa kama miaka kumi na saba, alileta kikopo cha maji ya sabuni na brashi ya kunyolea. Injini ikiwa inanguruma, mimi nikiishikilia resi isizime, mzee alipaka povu polepole kwenye kiungo ambapo kabureta inakutana na injini. Juu, hakuna kitu. Ubavu wa kulia, hakuna kitu. Upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kulala chini, povu likatoweka. Lilivutwa ndani kama supu, na sauti ya injini ikabadilika kwa sekunde moja, ikatulia, kisha ikarudia kulalamika. Alipaka mara ya pili ili mimi na dogo tuone. Hakusema neno. Nadhani alikuwa amejua tangu nilipotoka Uyole.

Hewa ya wizi. Inaingia baada ya kabureta, haikupimwa na mtu, inauzimua mchanganyiko ambao tayari umekadiriwa. Mkono ukiwa umefungwa, hewa halali ni kidogo sana, kwa hiyo huyo mwizi anaonekana mkubwa: injini inakosa mafuta, inazima, inapasuapasua ukifunga mafuta, na resi inachelewa kushuka. Mkono ukiwa mwisho, hewa halali inamiminika kwa wingi mpaka ya wizi haina hesabu. Alipofungua tuliona oringi imekuwa bapa na ngumu kama ganda la karanga mbichi lililokauka juani, na kile kipande cheusi cha kuzuia joto kimepinda, kwa sababu mtu aliwahi kukaza bolti upande mmoja kwa hasira.

Hiyo ilieleza njaa ya chini. Kuvimbiwa kwa juu kulikuwa ndani ya kabureta yenyewe. Klipu ya sindano, yenye mifereji mitano ya kuchagua, ilikuwa kwenye mfereji wa chini kabisa, maana yake sindano imenyanyuliwa mpaka mwisho. Jeti kubwa ilikuwa imeandikwa 95. Mzee akachukua kutoka mfukoni kipande cha waya laini ambacho amekichagua kwa miaka, kinachopita kwenye jeti mpya ya 95 kwa kusitasita. Kwenye jeti yangu waya ulidondoka wenyewe ukaanguka benchini.

"Walizibua kwa waya wa breki," akasema. Shaba ni laini na waya wa breki ni chuma. Ukiusokota ndani hauzibui tu, unachonga. Na kwenye jeti uchongaji wa kiasi kisichoonekana ni mkubwa. Jeti za aina hii, namba 100 ina tundu la milimita moja. Lipanue liwe moja na moja ya kumi, macho hayaoni tofauti, lakini eneo la kupitishia mafuta limeongezeka kwa asilimia 21.

Basi habari nzima ikawa mezani. Mtu wa kwanza alikuta pikipiki inazima asubuhi. Hakutafuta hewa inakoingilia, akaona injini ina njaa, akailisha: akanyanyua sindano. Haikusaidia, kwa sababu njaa ilikuwa kwenye eneo ambalo sindano haina zamu. Mtu wa pili, au huyohuyo mwezi mwingine, akadhani jeti imeziba, akaisokota waya. Sasa juu pakafurika, chini palepale. Mtu wa tatu akakimbilia skrubu. Kila mmoja aliongeza kosa lake juu ya kosa la mwenzake, na wote walikuwa na dalili za kweli mbele yao. Mzee hakuwatukana. Alisema tu wateja hulipia sauti. Anayekaa kimya na kusikiliza anaonekana hafanyi kazi.

Ningekuwa mimi ningebadilisha vyote vitatu kwa mkupuo mmoja na kwenda kulala. Yeye alikataa. Siku hiyo alisawazisha kipande kilichopinda kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo, akaweka oringi mpya, akanirudisha barabarani na utepe wangu wa alama. Silensa ikapatikana, juu bado inajaa. Kesho yake akateremsha sindano mpaka mfereji wa katikati, nikaenda tena Uyole: nusu imekuwa nyepesi. Siku ya tatu jeti. Nilimlalamikia kuhusu muda. Akanijibu kwamba ukibadilisha vitatu na ikapona, hujui ni kipi kilichoponya, na ukibadilisha vitatu na ikazidi, ndiyo umepotea kabisa.

Kwenye jeti kulikuwa na jambo jingine nililopenda. Aliweka kwanza namba ileile ya kiwandani, tukapanda Isyonje, tukasoma plagi: imepungua weusi, ila bado haijafika rangi ya chai. Akashuka hatua moja. Kyela iko mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700, na huku kwetu hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Tundu la jeti halijui limehama wilaya. Linaendelea kupitisha mafuta kama hewa ingali nzito. Mzee anasema pikipiki za kutoka ziwani "zinapanda na njaa ya kule," na sijapata maelezo mafupi zaidi ya hayo.

Skrubu ya ubavuni, ile ambayo kila mtu aliikimbilia, aliigusa mwisho kabisa. Kwanza alimwonyesha dogo ilipo. Ikiwa upande wa injini, inapimia mafuta, na ukiifungua unaongeza mafuta. Ikiwa upande wa chujio, inapimia hewa, na ukiifungua unapunguza nguvu ya mafuta. Mambo mawili yaliyo kinyume, skrubu mbili zinazofanana sura. Asiyejua anaweza kuzungusha siku nzima akielekea anakokukimbia. Ya kwangu ilikuwa upande wa injini. Aliifunga kwa ncha za vidole mpaka ikagusa, bila kuikaza, kwa sababu ncha yake ni kama ya sindano ya charahani na kiti chake ni laini. Akairudisha mizunguko miwili. Injini ikiwa ya moto akaizungusha robo, akangoja. Kungoja kwenyewe ndiko kulikonishangaza. Robo nyingine, akaangalia paa, akangoja. Injini ikapanda kidogo sauti bila kuguswa mkono wa mafuta. Akaendelea mpaka ikaanza kulegea, akarudi nyuma mpaka palipokuwa na sauti ya juu kabisa, akaishusha silensa kwa skrubu yake nyingine, akaanza upya. Mwisho akapiga resi moja tu, fupi. Resi ikishuka polepole kama haitaki, bado ina njaa. Ikitumbukia chini ya silensa kisha ikajinyanyua, imeshiba mno. Ya kwangu ilishuka ikasimama palepale.

Kule India, zinakotengenezwa nyingi kati ya pikipiki tunazopanda, kanuni za moshi za Aprili 2020 zilizifanya pikipiki mpya nyingi ziachane na kabureta na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta inayopima hewa yenyewe. Zikija kwa wingi huku, swali la "mkono wako unakuwa wapi" litaulizwa na mashine. Sina ugomvi na hilo. Mzee naye hana. Aliniambia yeye ameshaanza kununua kifaa cha kusomea, anakilipia kidogo kidogo.

Malipo yangu yalikuwa bei ya kusafisha kabureta, pamoja na vipuri. Jeti ya zamani hakuitupa. Aliidondosha kwenye lile kopo la maziwa, na ndipo nikajua vidude vya shaba vilivyomo ni nini. Kopo lilikuwa karibu kujaa.

Wiki moja baadaye nilirudi. Silensa safi, lita moja inanifikisha 41, plagi rangi ya chai. Ila nikishuka Isyonje nikafunga mafuta, mlio mmoja, pa, huko nyuma, mara moja moja. Nilimwambia nahisi njaa ya chini imerudi. Dogo akasogea, ameshafungua kisanduku, bisibisi mkononi, jicho kwenye ubavu wa kabureta. Mzee alikuwa amechuchumaa upande wa pili, anapitisha kiganja taratibu pale ekzosi inapoungana na injini, bila kuigusa. Akatuonyesha mstari mwembamba wa masizi kwenye kiungo, mahali ambapo hewa ya nje inanyonywa na kuyawasha mabaki ya petroli ndani ya bomba.

Akamnyang'anya dogo bisibisi, akampa spana namba 10.